Kutengana Si Nusu Talaka: Kinachogombewa Mahakamani katika Ndoa za Wahindu

Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya India ilimkatalia talaka mzee wa miaka 89. Alikuwa ofisa mstaafu wa Jeshi la Anga, alioa mwaka 1963, na shauri lake alilifungua mwaka 1996. Mkewe, mwalimu mstaafu wa miaka 82, alieleza kwamba hataki kufa akiwa na jina la mtalaka, na kwamba yuko tayari kumtunza mumewe uzeeni. Wawili hao walikuwa hawaishi pamoja tangu 1984, mume alipohamishiwa Madras, ambayo leo ni Chennai, na mke asimfuate. Mahakama ya wilaya ilimpa mume talaka mwaka 2000. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaitengua. Miaka 23 baadaye, Mahakama ya Juu ikasema ndoa ibaki.

Mtu akisoma habari kama hiyo huuliza mara moja: watu wasiolala nyumba moja kwa karibu miaka 40, wana ndoa gani? Wengine hujibu kwamba hao walishatengana, basi talaka ilikuwa ya nini tena? Na wapo wanaoamini kwamba mahakama ya India ikishasema "tenganeni", muda ukipita ndoa hufa yenyewe. Majibu haya yote yamekosea, na makosa yanatoka mahali pamoja. Tumezoea kuyaona kuishi mbalimbali, kutengana kwa amri ya mahakama na talaka kama ngazi tatu za safari moja. Sheria ya India haiyaoni hivyo.

Tuanze na nani anahusika. Sheria inayozungumzwa hapa ni Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955. Haimgusi kila Mhindi. Inawahusu wenye dini ya Kihindu, na pamoja nao Masingasinga, Mabudha na Wajaini. Waislamu, Wakristo na Waparsi wa India wana sheria zao. Wale wazee wa 1963 walikuwa Masingasinga, na kesi yao ilisikilizwa chini ya sheria hii.

Sasa zile hali tatu. Kuishi mbalimbali ni jambo la watu wenyewe: mmoja amechukua virago akaenda kwao, au kazi imewatawanya, au wamechokana. Hakuna hakimu aliyehusika, na hata wakikaa hivyo miaka 30, kisheria ni mume na mke kamili. Kutengana kimahakama ni amri ya hakimu chini ya kifungu cha 10. Amri hiyo inamwondolea aliyeiomba wajibu wa kukaa na mwenzake, na ndoa inabaki palepale. Talaka, chini ya kifungu cha 13, inaivunja ndoa yenyewe.

Chukua duka la watu wawili lililofungwa milango. Wateja hawaingii, taa zimezimwa, na wenye duka hawasalimiani. Lakini leseni bado ina majina yao wote, madeni bado yanawadai wote, na mmoja akifa mwenzake ana haki ya kuuliza kilichobaki. Hiyo ndiyo ndoa iliyo chini ya amri ya kutengana. Talaka ni siku leseni inapofutwa.

Hali hii ya katikati haikuzaliwa India. Katika mila ya Kihindu ndoa ni sakramenti: kifungu cha 7 cha sheria hii kinasema kwamba pale ambapo ibada ya hatua saba mbele ya moto inahusika, ndoa inakamilika hatua ya saba inapopigwa. Fungamano la namna hiyo halikuwa na mlango wa kutokea, isipokuwa kwa jamii ambazo mila zao ziliruhusu kuachana. Kutengana kwa amri ya mahakama kulitoka Uingereza, ambako mahakama za kanisa ziliwaruhusu wanandoa kutengana meza na kitanda bila kuvunja ndoa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1857 ikaligeuza jambo hilo kuwa amri ya mahakama za kiserikali. Nchini India, mwaka 1946 mwanamke wa Kihindu aliyeolewa alipewa kwa sheria haki ya kukaa kando na kutunzwa na mumewe kwa sababu maalumu. Mwaka 1947 jimbo la Bombay likaruhusu talaka kwa Wahindu, Madras ikafuata 1949, na mwaka 1955 ikaja sheria ya nchi nzima.

Hapa ndipo panapoeleza mengi. Sheria ya 1955 ilipoanza, mke aliyetendewa ukatili hakuweza kuomba talaka kwa sababu ya ukatili huo. Aliweza kuomba kutengana tu, kisha asubiri miaka miwili, ndipo arudi mahakamani kutafuta talaka. Zamani hizo kutengana kulikuwa kweli chumba cha kusubiria, na fikra hiyo imebaki vichwani mwa watu mpaka leo, wakiwamo mawakili. Marekebisho ya mwaka 1976 yalibadili mambo: sababu za kuomba kutengana na sababu za kuomba talaka zikawa zilezile. Ugoni, ukatili, kutelekezwa kwa miaka miwili, mwenzako kubadili dini, ugonjwa mzito wa akili, na nyingine. Ukithibitisha mojawapo, unachagua mwenyewe unaomba nini.

Kwa hiyo si kweli kwamba kutengana kunahitaji ushahidi mwepesi kuliko talaka. Mwanamke anayedai kupigwa analeta mashahidi walewale na karatasi zilezile za hospitali. Kinachobadilika ni sentensi ya mwisho ya ombi lake. Tofauti moja ya kweli ni ya muda: talaka haiombwi kabla ndoa haijatimiza mwaka mmoja, isipokuwa mahakama ikubali kwamba mwombaji ana shida ya kupita kiasi, au kwamba mwenzake ametenda uovu wa kupita kiasi. Kutengana hakuna kizuizi hicho. Bibi harusi wa miezi minne anayeogopa kurudi nyumbani anaweza kuomba kutengana leo.

Sasa kile kinachobaki. Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndicho chanzo cha ugomvi wote.

Cha kwanza ni kuoa au kuolewa tena. Aliyetengana kimahakama hawezi. Akifunga ndoa nyingine, ndoa hiyo ni batili na yeye ametenda jinai ya kuwa na ndoa mbili, ambayo kifungo chake kinafika miaka 7. Hata aliyepata talaka anatakiwa kusubiri muda wa rufaa upite, au rufaa imalizike, kabla ya kufikiria harusi.

Cha pili ni mirathi. Mwanamume wa Kihindu akifa bila wosia, Sheria ya Mirathi ya Wahindu ya mwaka 1956 inamweka mjane katika daraja la kwanza la warithi, akipata fungu sawa na la kila mtoto na la mama wa marehemu. Mke aliyetengana kwa amri ya mahakama, mumewe akifa, ni mjane na anarithi. Mke aliyetalikiwa si mjane. Siku moja tu kati ya hukumu ya talaka na msiba inaweza kumtoa mtu kabisa kwenye orodha. Ukielewa hili, hutashangaa tena kuona mwanamke anapinga talaka ya mwanamume ambaye hajamwona kwa miaka 10. Watu humwita king'ang'anizi. Mimi naona ni mtu anayelinda haki ambayo sheria yenyewe imempa, tena mara nyingi ndiyo mali pekee aliyovuna katika ndoa hiyo.

Cha tatu ni matunzo. Mahakama inaweza kuamuru matunzo wakati shauri linaendelea, na matunzo ya kudumu baada ya hukumu, iwe ya kutengana au ya talaka. Sheria haikusema mke peke yake, na mume asiye na kipato anaweza kuomba pia. Kwa hiyo anayemwambia dada yake "ukikubali kutengana hutapata hata senti" anampotosha.

Na kuna la nne ambalo husemwa kwa nadra kwa sababu watu wanaona haya. Sheria ya jinai ya India haihesabu kuwa ubakaji pale mume anapomwingilia mkewe mtu mzima bila ridhaa yake. Ni pengo kubwa, na lina watetezi na wapinzani. Lakini mume akimwingilia kwa nguvu mke anayeishi mbali naye, kwa amri ya mahakama au bila amri, hilo ni kosa la jinai lenye kifungo cha kati ya miaka 2 na 7. Kwa mke anayeishi kwa hofu, amri ya kutengana ni karatasi ya kumwonyesha polisi, na ushahidi wa wazi kwamba haishi na huyo mtu.

Msomaji wa pwani aliyelelewa na sheria ya Kiislamu anaweza kuishika habari hii kwa talaka rejea na eda. Mfano huo unavutia lakini unageuza mambo kichwa chini. Katika talaka rejea neno limeshatamkwa, na muda unafanya kazi ya kumaliza: eda ikiisha bila mume kurejea, ndoa imekwisha. Katika kutengana kimahakama hakuna talaka iliyotolewa, na muda haumalizi chochote. Wawili wakikaa kimya na amri yao, watabaki mume na mke mpaka kifo. Wakipatana, mmoja wao anaweza kuiomba mahakama iifute amri.

Hata hivyo, imani kwamba mwaka ukipita ndoa imeisha ina mzizi. Kifungu cha 13, ibara ya 1A, kinasema kwamba baada ya amri ya kutengana, mwaka mmoja au zaidi ukipita bila wawili kurudi kuishi pamoja, yeyote kati yao anaweza kuomba talaka. Zamani ni aliyeshinda tu aliyekuwa na nafasi hiyo. Tangu 1964 hata aliyeshindwa anayo. Yaani mume aliyethibitika kuwa mgoni, mkewe akapewa amri ya kutengana naye, anaweza baada ya mwaka kuja kuomba talaka. Neno la kushika ni kuomba. Je, mahakama inalazimika kumpa?

Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilijibu hapana, katika kesi ambayo kila anayefikiria kuomba kutengana angefaa kuijua. Mke alikuwa amepata amri ya kutengana mwaka 1981 kutoka Mahakama Kuu ya Karnataka kwa sababu ya ugoni wa mumewe. Mahakama iliamuru mume alipe rupia 100 kwa mwezi kwa mke na rupia 75 kwa binti yao. Hakulipa. Aliendelea kuishi na yule mwanamke mwingine, na mwaka 1983 akafungua shauri la talaka. Hoja yake ilikuwa fupi: mwaka umepita, hatujarudiana, sheria inasema naweza kupata talaka, nipeni.

Majaji walikataa. Walisema amri ya kutengana haiui ndoa, inawapa wawili nafasi ya kutulia na kutazama kama kuna cha kuokoa. Katika muda huo majukumu ya ndoa hayajafutwa. Mume aliyeacha kuwatunza mke na mtoto kinyume cha amri, na kuendelea na ugoni uleule uliosababisha kutengana, aliiziba mwenyewe njia ya kupatana. Kifungu cha 23 kinamkataza mtu kunufaika na kosa lake mwenyewe, na hicho ndicho alichokuwa akijaribu kufanya. Lakini tusilivute zaidi ya lilipofika: mwaka 1977 mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema kwamba kutotaka tu kurudiana, bila baya jingine, si kosa la kumnyima mtu talaka. Anayenyimwa ni yule aliyeongeza dhambi juu ya kutengana, kama kuacha watoto bila chakula.

Mpaka hapa tumezungumzia anayeomba kutengana kwa hiari yake. Kesi zinazowachanganya watu zaidi ni zile ambazo mtu anakwenda kuomba talaka anatoka na amri ya kutengana. Hili linatokana na kifungu cha 13A, kilichoingizwa na marekebisho yale ya 1976. Hakimu anaposikiliza ombi la talaka, akiona ni haki kwa mazingira ya kesi, anaweza kutoa kutengana badala yake. Sababu tatu tu zimewekwa nje ya uwezo huo: mwenzako akibadili dini, akiikimbia dunia na kuwa mtawa, au akitoweka na asisikike akiwa hai kwa miaka 7.

Ugomvi wake huwa hivi. Mume anaomba talaka kwa ukatili wa maneno na dharau. Mke anakana, na kwa kawaida anasema yuko tayari kurudi. Mahakama ya familia inaona kweli kuna maumivu, lakini inaona pia watoto wadogo, au ndoa iliyokaa muda mrefu, au mke asiye na kwa kwenda. Inatoa kutengana. Hapo wote wawili wanakata rufaa. Mume anasema: nimethibitisha ukatili, mmenipa nusu ya haki yangu. Mke anasema: hakuna ukatili uliothibitishwa, ombi lilipaswa kutupwa lote, maana amri hii inamfungulia mume mlango wa talaka baada ya mwaka. Kisheria wote wawili wana hoja. Kifungu cha 13A si mahali pa kukimbilia hakimu akishindwa kuamua. Sababu ya talaka lazima ithibitishwe kwanza, ndipo aulize kama kutengana ni haki zaidi. Isipothibitishwa, ombi linaanguka na hakuna amri yoyote.

Maoni yangu ni kwamba kifungu hiki ni kizuri mikononi mwa hakimu anayeeleza sababu zake, na ni kibaya mikononi mwa hakimu anayetaka kuwaridhisha wote. Pale ambapo bado kuna mazungumzo, mwaka wa kutengana unaweza kuokoa nyumba. Lakini mwanamke aliyethibitisha kuchomwa moto au kuvunjwa mkono na kuomba talaka, ukimpa kutengana unamwongezea mwaka wa kuitwa mke wa mtu yule, na safari nyingine mahakamani yenye ada, nauli na wakili. Hakuomba muda wa kutafakari.

Kwa wanaokubaliana, njia ni rahisi zaidi. Kifungu cha 13B kinaruhusu talaka kwa ridhaa ya wote wawili baada ya kuishi mbalimbali kwa mwaka mmoja, pamoja na miezi 6 ya kusubiri baada ya kupeleka ombi. Tangu 2017 Mahakama ya Juu imeruhusu mahakama kuisamehe miezi hiyo 6 pale ambapo upatanisho umeshindikana kabisa na mambo ya matunzo na watoto yamekwisha kukubaliwa.

Tatizo ni pale mmoja anapokataa. Sheria hii haina kipengele kinachosema ndoa iliyokufa kabisa ivunjwe kwa sababu tu imekufa. Muswada wa kukiongeza ulipita baraza moja la Bunge mwaka 2013 na haukuwa sheria. Mei 2023 jopo la majaji watano wa Mahakama ya Juu liliamua kwamba mahakama hiyo inaweza kuvunja ndoa ya namna hiyo kwa uwezo wake maalumu chini ya kifungu cha 142 cha Katiba, lakini hakuna anayeweza kuudai uwezo huo kama haki yake. Mahakama za familia na Mahakama Kuu za majimbo hazina uwezo huo. Ndiyo maana miezi mitano tu baadaye mahakama hiyohiyo iliweza kukataa kuutumia uwezo huo kwa yule mume wa miaka 89.

Haya yana uzito pia kwa familia za Wahindu walioko Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kwa sababu ndugu wawili walioolewa kwa ibada ileile wanaweza kuwa chini ya sheria tofauti. Kenya inaitambua ndoa ya Kihindu kama moja ya aina tano za ndoa katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyochukua nafasi ya sheria maalumu ya Wahindu ya mwaka 1960. Uganda ina sheria yake ya ndoa na talaka za Wahindu tangu 1961. Tanzania ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa watu wote wa dini zote, na hiyo inatenganisha mambo haya mawili kwa namna nyingine: ndoa ikivunjika unaweza kuomba kutengana, lakini talaka haitolewi mpaka mahakama iridhike kwamba imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Tena kifungu chake cha 111 kinasema amri ya kutengana inawaondolea wawili hata wajibu wa kutunzana, isipokuwa amri yenyewe iseme vinginevyo. Anayetengana Dar es Salaam akidhani matunzo yatakuja yenyewe kwa kuwa bado ni mke, anapaswa kuhakikisha yameandikwa ndani ya amri.

Na aliyefunga ndoa Gujarat au Punjab kisha akapata talaka ng'ambo asiharakishe kuagiza kadi za harusi nyingine. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuitambua talaka ambayo mume alikuwa ameipata Missouri, Marekani. Kanuni iliyowekwa ni kwamba talaka ya nje, kwa kawaida, itakubaliwa ikiwa mahakama iliyoitoa ilikuwa na mamlaka juu ya ndoa hiyo, na sababu yake ni mojawapo ya zile zinazokubalika katika sheria ambayo wawili walioana chini yake, au ikiwa mwenzake alishiriki au aliikubali kwa hiari. Nje ya hapo, machoni pa India, yule aliyetalikiwa ng'ambo bado ni mke, na siku ya mirathi atakuja na hati yake ya ndoa mkononi.